Nondo Alalaye Ndani ya Koni

Kila mkulima wa mahindi aijua taabu ya mdudu aliyejificha. Shina la hindi laweza kuonekana zuri kwa nje, na majani yake mabichi, kumbe ndani yumo kiwavi anayetoboa njia yake pole pole. Tena mavuno yakiisha, kiwavi huyo hubaki amelala ndani ya bua kavu mpaka mvua zirudi. Hapo hugeuka nondo, akaruka kwenda kutaga mayai katika mahindi mapya. Ndiyo sababu wakulima hushauriwa wasiyaache mabua yamesimama ovyo shambani.

Katika nchi za kaskazini ya Ulaya yuko nondo mwingine mwenye desturi inayofanana na hiyo, ila yeye hana haja na mahindi. Chakula chake ni mbegu za mti uitwao msprusi. Na usingizi wake ni wa ajabu zaidi, maana wako katika jamii yake wanaolala miaka miwili, hata mitatu, wakingoja mti uzae tena.

Wataalamu humwita Cydia strobilella. Jina hilo la strobilella alipewa mwaka 1758 na Carl Linnaeus wa Uswidi, yule aliyeweka utaratibu wa kuwapa viumbe vyote majina mawili ya Kilatini. Neno lenyewe latokana na neno la kale lenye maana ya koni. Ndugu yake wa karibu ni Cydia pomonella, ambaye kiwavi wake hutoboa matofaa na kuyaharibu katika nchi nyingi za dunia. Hata katika Afrika ya Mashariki jamii hii kubwa ya nondo haikosi wajumbe, kwa maana mmoja wao huharibu machungwa na pilipili. Kwa hiyo mwenendo wa nondo wa msprusi si jambo geni kabisa kwa mtu alimaye. Ni habari ya ukoo aujuao, ikisimuliwa kutoka nchi ya theluji.

MTI NA MBEGU ZAKE

Msprusi ni mti wa jamii moja na msonobari. Haumei kwa asili mahali po pote katika Afrika. Makao yake ni nchi za baridi, na katika Uswidi, Norwei na Ufini umefunika milima na mabonde kwa mwendo wa siku nyingi. Ni mti mrefu, ulionyoka kama mlingoti, nao mara nyingi hupita meta 30 kwenda juu. Majani yake ni kama sindano fupi, nayo hukaa na rangi yake ya kijani hata theluji ikianguka. Mbao zake hujengea nyumba, na nyuzi zake hufanywa karatasi, pamoja na karatasi za magazeti.

Mtu aliyezoea misonobari na misaipresi iliyopandwa katika nyanda za juu za Kenya amekwisha kuiona koni, yaani lile tunda gumu la magamba lisilo na nyama. Koni ya msprusi ni ndefu, yapata sentimeta 10 hadi 15, nayo huning'inia kichwa chini katika matawi ya juu kabisa. Katikati yake pana kijiti kigumu mfano wa gunzi la hindi, na magamba yamekizunguka kama vigae vya paa. Chini ya kila gamba zimo mbegu mbili, na kila mbegu ina ubawa mwembamba wa kuipeperusha. Mbegu zenyewe ni nyepesi mno: 1,000 pamoja hazifiki gramu 10.

Koni huanza kama ua dogo jekundu, lililosimama wima juu ya tawi, kadiri ya mwezi wa Mei. Kwa siku chache magamba yake huwa wazi, ili unga wa maua ya kiume uletwe na upepo na kuingia ndani. Kisha magamba hujifunga, koni hugeuka na kuning'inia, nayo huendelea kukua majira yote ya joto. Hukomaa mwezi wa Septemba au Oktoba, lakini haifunguki mara moja. Hungoja mpaka majira ya baridi yakaribie kwisha na jua lianze kupata nguvu. Ndipo magamba hutanuka, na mbegu huchukuliwa na upepo, pengine juu ya theluji iliyoganda.

SAFARI YA KIWAVI

Nondo mwenyewe ni mdogo sana. Akitandaza mabawa yake, upana wake ni milimeta 10 hadi 15 tu. Rangi yake ni ya kahawia iliyoiva, yenye mistari myembamba ing'aayo kama fedha. Huruka mchana penye jua, tena juu kabisa vileleni, hata mtu apitaye msituni kila siku aweza kuzeeka bila kumwona hata mara moja.

Hutokea katika siku zile zile ambazo msprusi unatoa maua. Jike huiendea koni changa akataga mayai yake katikati ya magamba. Baada ya muda mfupi magamba hufungamana. Mlango umefungwa, na mwizi yumo ndani.

Kiwavi atokaye katika yai ni mweupe, na kichwa chake ni cha kahawia. Huanza kula mbegu changa iliyo karibu naye. Akiimaliza hutoboa njia mpaka mbegu ya pili, kisha ya tatu, na kuendelea hivyo bila kutoka nje. Njia zake huzitandika hariri nyembamba, na kinyesi chake hukiacha humo humo ndani ya maganda ya mbegu alizozila. Kwa hiyo koni hubaki nzima kwa kutazamwa. Haina tundu, haina doa, wala haikupindika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; na msprusi, kama ungaliweza kusema, ungalikubali.

Si wadudu wote wa koni walio na siri namna hii. Yuko nondo mwingine, Dioryctria abietella, mkubwa kuliko huyu, ambaye kiwavi wake hula magamba na mbegu pamoja. Yeye hutupa kinyesi chake nje, kikagandamana na utomvu katika vichungu vya rangi ya kahawia, na mara nyingi koni yenyewe hupinda. Yuko pia nzi aitwaye Strobilomyia anthracina, ambaye funza wake hula akilizunguka gunzi kama ngazi ya mnara. Huyo hamalizi mwaka ndani ya koni, bali majira ya joto yangali yakiendelea hutoka na kuanguka chini, akajificha udongoni. Wadudu hao wawili huacha dalili. Nondo wa mbegu haachi dalili yo yote, na mtu atakaye kumjua hana budi kuipasua koni kwa kisu.

Majira ya joto yakielekea mwisho, kiwavi amekwisha kukua, na urefu wake ni yapata sentimeta moja. Mbegu zimekuwa ngumu, na baridi yaja. Hapo huziacha mbegu, akaingia katika gunzi la katikati, akachimba chumba chembamba na kukitandika hariri. Humo hulala. Theluji huanguka, maziwa huganda mpaka watu wakapita juu yake kwa miguu, naye yumo ndani ya gunzi, hali wala hatembei. Pengine koni yake ingali juu mtini, pengine imekwisha kuanguka chini.

Baridi ikiisha, kiwavi hubadilika katika chumba chake. Huwa kifuko kigumu cha kahawia kisicho na miguu wala mabawa yanayoonekana. Mwezi wa Mei kifuko hicho hujisukuma mpaka kichungulie nje katikati ya magamba, kisha hupasuka, na nondo mpya akatoka. Ganda tupu hubaki limechomoza katika koni ya zamani.

NJAA YA MTI NA USINGIZI WA NONDO

Kama habari ingalikoma hapo, nondo huyu angalikuwa mdudu kama wengine. Lakini msprusi una desturi moja inayomtia katika hatari kubwa: hauzai kila mwaka.

Majira ya joto yakiwa na jua jingi na ukavu, msprusi huweka macho ya maua katika matawi yake, nayo huchanua mwaka ufuatao. Mwaka huo misprusi ya nchi nzima huzaa kwa pamoja, hata vilele vyake vikawa vizito kwa koni. Baada ya hapo miti hupumzika. Huweza kupita mwaka mmoja, miwili, mitatu au zaidi bila mazao ya maana, na kadiri mtu aendavyo kaskazini, ndivyo miaka mitupu inavyozidi kuwa mingi. Miaka mingine ni vigumu kuipata hata koni moja katika mti.

Fikiri basi hali ya nondo. Mwaka wa neema huzaa watoto wengi. Mwaka unaofuata watoto hao hutoka, wakatafuta maua ya msprusi, nayo hayapo. Nondo hana chakula kingine cha kuwapa watoto wake. Kiwavi wake hali majani wala magome, na maisha ya nondo mwenye mabawa ni mafupi. Wote waliotoka mwaka huo watakufa bila kuacha kizazi.

Wataalamu wa misitu huona katika jambo hili silaha ya mti. Miaka mitupu huwapunguza wadudu kwa njaa, na mwaka wa neema unapofika tena, wadudu waliosalia ni wachache, wala hawawezi kuzimaliza mbegu zote. Mbegu zile zilizowashinda ndizo zinazootesha msitu. Na hapo jambo jingine hueleweka: mwaka wenye koni chache baada ya mwaka wa koni nyingi ndio mwaka wa hasara kuu. Wadudu ni wengi, chakula ni kidogo, na karibu kila koni huwa na mgeni ndani yake.

Lakini nondo naye ana jibu lake. Viwavi waliolala katika magunzi hawaamki wote kwa pamoja. Wengine hutoka baada ya baridi moja. Wengine, walioangua siku zile zile na kula katika koni zile zile, hubaki wamelala mpaka baridi ya pili ipite, na baadhi yao mpaka ya tatu. Alf Bakke wa Norwei alitoa mwaka 1963 maelezo ya uchunguzi wake juu ya wadudu wa koni za msprusi, na Esko Annila wa Ufini alitoa mwaka 1981 habari za kupanda na kushuka kwa hesabu ya wadudu hao mwaka hata mwaka. Katika kazi za watu kama hao usingizi huu mrefu umejulikana wazi.

Faida yake si vigumu kuifahamu. Ni kama mkulima mwenye hadhari ambaye hapandi mbegu zake zote mvua ya kwanza inaponyesha. Sehemu huipanda, na sehemu huiweka. Mvua zikikatika, bado ana mbegu za kupanda tena. Nondo hana akili ya kufikiri hivyo, lakini katika maelfu ya miaka wale waliolala muda mrefu zaidi walikuta chakula pale ambapo ndugu zao walikufa njaa, na tabia hiyo ikashuka kwa watoto wao. Mti ulijaribu kumshinda kwa kufunga. Yeye akajifunza kungoja.

Hata adui za nondo wameingia katika mchezo huu. Wako nyigu wadogo sana ambao jike wao hutaga katika mwili wa kiwavi, na mtoto wa nyigu humla kiwavi huyo. Nyigu hao nao wako wanaolala zaidi ya mwaka mmoja, maana mwindaji hana budi kufuata desturi ya windo lake. Gogota naye huzipasua koni kwa mdomo wake, kindi huzitafuna, na yuko ndege mmoja ambaye ncha za mdomo wake hupishana kama makasi, naye huutumia kuchomoa mbegu chini ya magamba. Viumbe vyote hivi huishi kwa mazao yale yale, na vyote hupata shida miaka mitupu ikifika.

MASHAKA YA MASHAMBA YA MBEGU

Katika msitu wa asili nondo huyu si msiba. Hauui mti, wala hapunguzi mbao zake. Msprusi mmoja huishi miaka mingi, na ukipata miaka michache tu ya mazao mazuri umekwisha kujilipia watoto wa kutosha. Shida huanza pale ambapo mtu azihitaji mbegu kwa kazi yake.

Nchi ya Uswidi ilitunga sheria ya misitu mwaka 1903, ikiamuru kwamba akataye msitu sharti ahakikishe msitu mwingine waota mahali pake. Kwa hiyo kila mwaka miche mingi hutakiwa, na miche hutoka katika vitalu, na vitalu huhitaji mbegu. Tangu katikati ya karne ya 20 mbegu nyingi zimetafutwa katika mashamba maalumu. Vitawi hukatwa katika misprusi iliyo bora kwa unyofu na kwa upesi wa kukua, hupandikizwa juu ya mashina machanga, kisha hupandwa kwa mistari penye jua na joto zaidi, ili izae mara kwa mara. Hiyo ni kazi ya subira, kwa kuwa miaka mingi hupita kabla shamba halijaanza kutoa mazao ya kutosha. Kila mbegu ya shamba kama hilo ina thamani kubwa kuliko mbegu ya msituni.

Lakini tazama lililotokea. Mwenye shamba ataka miti yake izae kila mwaka, au karibu na kila mwaka. Akifanikiwa, ameuondoa ule mfungo ambao kwao msprusi humpunguza adui yake. Nondo aliyezoea kutafuta chakula msituni kwa bahati, sasa akuta meza imeandikwa mahali pamoja. Na kwa sababu kiwavi hana dalili, koni zaweza kuchumwa, kupakiwa na kupelekwa katika nyumba ya kukaushia, watu wakidhani wamepata mavuno mema, kumbe maganda mengi yamejaa uchafu tu.

Dawa nazo zina mipaka yake. Iko dawa itokanayo na vijidudu viitwavyo Bacillus thuringiensis, ambayo huua viwavi bila kuwadhuru watu. Lakini kiwavi hana budi kuila ndipo imdhuru. Anayekula juu ya gamba aweza kuipata; aliyezaliwa katikati ya magamba, akaingia moja kwa moja katika mbegu, yuko kama mtu aliyejifungia chumbani wakati mvua inanyesha uani. Dawa zinazopenya ndani ya mti ni kali zaidi, na matumizi yake huwekewa masharti mazito.

Mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walitangaza kwamba wameitambua harufu ambayo nondo jike huitoa ili kuwaita madume. Harufu hiyo ikitengenezwa na kutiwa katika mtego, dume huja akidhani amemwona mchumba. Mitego ya namna hiyo humwonyesha mwenye shamba ni siku gani nondo wameanza kuruka, na kama ni wengi au wachache. Hilo ni jambo kubwa, kwa maana mdudu asiyeonekana hawezi kupigwa vita na mtu asiyejua siku ya kuja kwake.

KUPASUA, KUSAFISHA NA KUWEKA

Pamoja na maarifa hayo mapya, kazi za zamani hazikutupwa. Ya kwanza ni kupasua. Kabla ya kuchuma, koni kadha hukatwa kwa urefu, na mbegu nzima zinazoonekana katika upande uliokatwa huhesabiwa. Kama ni chache mno, hakuna faida kulipa watu wa kupanda miti mirefu.

Ya pili ni kusafisha. Koni zinazoachwa mtini au chini katika shamba la mbegu ni nyumba za kulala nondo, sawa na mabua ya mahindi. Mwenye kuzichuma zote, mbovu pamoja na nzuri, amewatoa pia wale waliokusudia kulala miaka miwili. Baada ya mbegu kutolewa kwa joto la tanuri, koni tupu hufaa kwa kuni, wala si vema kuzirudisha shambani.

Ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni kuweka. Mwaka wa neema ukifika, mbegu ni nyingi na wadudu hawawezi kuzimaliza. Huo ndio wakati wa kuchuma kwa nguvu zote, si kwa haja ya mwaka ule tu bali kwa miaka mitupu itakayofuata. Mbegu za msprusi zikikaushwa vizuri, zikafungwa zisipate unyevu, na kuwekwa katika baridi kali, huweza kuota baada ya zaidi ya miaka 10. Hivyo kitalu hakitegemei tena mazao ya mwaka mmoja, wala hakilazimiki kununua mbegu zilizoliwa nusu katika mwaka mbaya.

Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mtu anayepanda, awe na misprusi au mahindi. Mti hungoja, na nondo hungoja. Mwenye kupanda naye, asipokuwa na ghala, atakuwa yeye peke yake asiyeweza kungoja. Akiba haiozi.